Barua ambayo hatukuiandika

Katika miaka 6 ya kushika kalamu ya kamati ya msikiti wetu hapa Songea, tumeandika barua nyingi: za kuomba kibali cha kuchimba kisima, za kuwashukuru waliochangia mabati, za kuwakumbusha wapangaji wa vyumba vya wakfu kodi iliyochelewa. Ni barua moja tu tuliyoagizwa na kikao tukashindwa kuiandika. Ilikuwa ya kumwondoa msichana madrasa kwa kosa la kutunga hadithi.

Siku ya mahafali ya madrasa, wiki mbili kabla ya Ramadhani, watoto walisoma Qur'ani, wakaimba kaswida, na wadogo wakazitaja nguzo za Uislamu kwa kupokezana. Kisha akasimama binti wa miaka 17, mwanafunzi wa kidato cha tatu, akafungua daftari lake na kusoma hadithi aliyoitunga mwenyewe. Ilimhusu mweka hazina wa msikiti mdogo ulio kando ya mto. Mzee huyo alikuwa mtu mwema. Msimu mmoja alijikopesha fedha za tangi la maji ili anunue mbolea, akinuia kuzirudisha baada ya mavuno. Mvua zikakatika mapema, mahindi yakasinyaa shambani, na kila Ijumaa mzee akawa anawasomea waumini hesabu ya fedha ambazo hazikuwepo. Hadithi iliishia alfajiri moja, mzee ameinama ili atawadhe, amefungua bomba, na maji hayatoki.

Hadithi ilikuwa nzuri, nasi tuliokuwa tumeketi mbele tulianza kutabasamu. Lakini mzee wa hadithini alikuwa na baiskeli ya kijani yenye kengele isiyolia, na mweka hazina wetu naye anayo baiskeli ya kijani yenye kengele isiyolia. Vichwa viligeuka kimoja baada ya kingine. Mzee wetu alitazama mkeka hadi mwisho, kisha akaondoka kabla ya chai.

Kikao kiliitwa siku iliyofuata baada ya swala ya Isha. Mjumbe mmoja alisema kwamba hadithi yote ni uongo, na uongo haufundishwi madrasa. Mwingine alisema kwamba hata kama si uongo ni usengenyaji, jambo ambalo Surat al-Hujurat imelikemea waziwazi. Wa tatu alitaka msichana aombe radhi mbele ya jamaa siku ya Ijumaa, kisha aondolewe. Wengi wakakubali. Mweka hazina mwenyewe hakuhudhuria. Tukaagizwa tuandike barua, nasi tukaomba siku 7.

Tuliomba siku hizo kwa sababu mbili, na ya pili hatukuitaja kikaoni. Ya kwanza ni kwamba hesabu za msikiti tunazikagua sisi pamoja na mzee huyo kila mwisho wa mwezi, na hatujapata kuona shilingi iliyopotea. Kwa hiyo tulijua kwamba mtu mwaminifu ameumizwa, na jeraha la namna hiyo haliponywi kwa karatasi. Ya pili ni kwamba sisi ndio tunaowafundisha vijana insha kila Jumamosi baada ya Alasiri, na ni sisi tuliomwambia binti yule: andika unachokijua. Kama kuna aliyestahili barua, huenda ilipasa ianze na jina la mwandishi wake.

Tulianza na shutuma ya kwanza: je, mtunzi wa hadithi ni mwongo? Swali hili si geni kwa Waislamu. Chuoni tulisoma sehemu ya Maqamat za al-Hariri wa Basra, mwanachuoni wa lugha aliyefariki mwaka 1122. Ni visa 50 vya kubuni juu ya Abu Zayd wa Saruj, mjanja mwenye ulimi mtamu ambaye katika kisa cha kwanza anawahubiria watu mpaka wanalia, kisha anakutwa pangoni akiwa na nyama ya kuchoma na mvinyo. Al-Hariri alijua kwamba atalaumiwa, hivyo katika utangulizi wake akajitetea mapema. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba matendo hupimwa kwa nia, na kwamba hakuna mwenye akili anayewatuhumu kwa uongo wale waliotunga visa vya wanyama vyenye mafunzo. Bila shaka vitabu kama Kalila na Dimna, alichokitia katika Kiarabu Ibn al-Muqaffa' karne ya 8, vilikuwa vinajulikana vizuri kwa wasomaji wake. Simba na fahali wanazungumza humo, na hakuna msomaji aliyewahi kudai kwamba amedanganywa.

Tofauti iko kwenye mapatano. Mwongo hukuficha kwamba anabuni, lakini mtunzi hukuambia tangu mwanzo. Bibi zetu walipotuita jioni kwa Paukwa, nasi tukaitika Pakawa, tulikuwa tunatia saini mkataba ambao pande zote mbili zinajua masharti yake. Binti yule alisema mbele ya wote kwamba anasoma hadithi aliyoitunga. Shutuma ya uongo, kwetu sisi, ilianguka.

Shutuma ya pili haikuanguka kirahisi. Mtu anaweza kubuni kisa kizima na bado akamchafua jirani yake. Nia njema haifuti vumbi lililokwisha kumpata mzee. Ikatubidi tuulize watunzi wetu wakubwa walifanyaje, maana nao waliishi kati ya watu, na watu hao walikuwa na baiskeli zao.

Shaaban Robert alikuwa mtumishi katika ofisi za serikali ya kikoloni. Alipotaka kusema juu ya utawala unaowanyima raia haki hakuandika Tanga wala Tanganyika. Katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, alijenga nchi inayoelea angani, akamweka Karama kizimbani kwa kosa la kufundisha sheria, na akamfanya mshitaki wake awe waziri aitwaye Majivuno. Mpango wa kitabu ni kama wa nyumba iliyopimwa kwa kamba: pande 6 za ulimwengu, wajumbe 6 waliotumwa huko, na kila aliyerudi na habari njema akaishia gerezani badala ya kushukuriwa. Majina yenyewe yanafanya kazi. Mwaka uliofuata, katika Adili na Nduguze, akachukua kiunzi cha kisa cha Alfu Lela U Lela, akawaita ndugu wawili wabaya Hasidi na Mwivu. Ukisoma majina hayo huendi kumtafuta Hasidi mtaani kwako. Unajitafuta mwenyewe.

Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipanga kwa njia nyingine. Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapwa mwaka 1960, ni ya upelelezi. Hadithi ya namna hiyo haiwezi kupangwa bila kujua mwisho. Mtunzi lazima amjue muuaji na sababu yake kabla Bwana Msa hajawasha kiko chake, kisha arudi nyuma akizifukia dalili moja moja mahali ambapo msomaji atazikanyaga bila kuziona.

Wengine waliingia karibu zaidi na matukio. Adam Shafi katika Kuli, kitabu cha mwaka 1979, alichukua mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948, tukio la kweli kabisa, akamtia ndani yake kijana wa kubuni aitwaye Rashidi ili tulione tukio kwa macho ya mbeba mizigo mmoja. Haini, iliyotoka mwaka 2003, imechota katika kifungo chake mwenyewe baada ya kuuawa kwa Mzee Karume mwaka 1972. Naye Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, katika riwaya ya mwaka 1994 ambayo sasa tunaisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, alimtwaa mvulana aitwaye Yusuf, akamtoa kwa mfanyabiashara kwa sababu ya deni la baba yake, akampeleka bara na msafara wakati Wajerumani wanaingia. Anayeijua Surat Yusuf atakutana humo na bwana mwenye mali, mke anayemtamani kijana, na kanzu iliyochanwa nyuma.

Surat Yusuf yenyewe si hadithi ya kubuni; kwetu ni habari ya kweli kutoka kwa Mola. Hata hivyo, hakuna darasa la mpangilio lililo bora kuliko hilo. Inaanza na ndoto na inamalizika ndoto ikitimia. Kanzu inatokea mara tatu: yenye damu ya uongo mikononi mwa ndugu, iliyochanwa nyuma ikimwokoa asiye na hatia, na iliyowekwa usoni pa baba ikimrudishia nuru ya macho. Kila kitu kilichotajwa mwanzoni kinarudi na kazi yake.

Lakini aliyetusaidia zaidi ni Ebrahim Hussein, kwa sababu mada yake iko hapa hapa kwetu. Kila tarehe 27 Februari sisi wakazi wa Songea hukusanyika Mahenge, kwenye Makumbusho ya Majimaji, kuwakumbuka mashujaa zaidi ya 60 walionyongwa siku hiyo mwaka 1906. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyewagawia watu maji ya vita, alikuwa mtu wa kweli, mwenye kizazi na jamaa. Hussein alipoandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapwa mwaka 1969, alimweleza msomaji kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yule wa historia, bali ni kiumbe wa fikra za mtunzi. Alikuwa na swali ambalo kumbukumbu za vita zisingeweza kumjibu: kiongozi afanye nini ikiwa neno lake limewaunganisha watu, kisha yeye mwenyewe akaanza kulitilia shaka? Alimjenga mtu wa kulibeba swali hilo, akamfikisha mwisho anapokataa kuyakana maji, kwa kuwa anafikiria watoto watakaorithi neno hilo. Na kwa kutangaza kwamba amebuni, mtunzi alimwachia marehemu heshima yake.

Hapo tukaelewa kosa la binti yetu lilikuwa wapi. Hakusema uongo. Aliiacha kazi nusu. Alijenga mtu mpya, lakini akamkabidhi baiskeli ya mtu mwingine.

Siku ya nne tulimwita, pamoja na mama yake, katika chumba cha madrasa. Tulimwomba atuonyeshe daftari zima, si ukurasa aliousoma tu. Alisita, akamtazama mama yake, kisha akatoa. Tulikuta kurasa 11 kabla ya hadithi kuanza. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na swali moja tu: mtu mwema huanzaje kuiba? Chini yake alikuwa ameandika orodha ya visingizio, kuanzia kile kidogo kuliko vyote hadi kikubwa. Ukurasa wa tatu ulikuwa na matukio yaliyounganishwa kwa neno "kisha", nalo lilikuwa limekatwa kwa wino kila mahali na kuandikwa "kwa hiyo". Kisha mbolea ikapanda bei; hapana, kwa hiyo akafungua sanduku. Hatukumfundisha hilo, na katika miaka yote ya kufundisha insha hatujapata kulieleza vizuri kama mistari ile iliyokatwa. Kisa huwa hadithi pale jambo moja linapolizaa jingine.

Ukurasa wa sita ndio uliotunyamazisha. Humo mhusika hakuwa mzee. Alikuwa msichana aliyekabidhiwa michango ya sukari ya futari, akachukua shilingi 3,000 kwa haja ya shule, akaapa kurudisha Jumatatu, akarudisha baada ya majuma matatu ya kutopata usingizi. Pembeni alikuwa ameandika kwamba msichana hatoshi, hakuna atakayeogopa kwa ajili yake. Inafaa awe mtu mkubwa, mwenye cha kupoteza.

Tulimuuliza, "Binti, huyu msichana ni nani?"

Hakujibu. Mama yake alivuta ushungi mpaka machoni. Baada ya muda binti akasema, "Ustadhi, fedha nilizirudisha zote. Lakini nilikuwa bado nasikia vibaya, nikaona nimwandikie mtu mwingine labda itaniondoka."

"Na baiskeli?"

"Niliitafuta alama ya mtu maskini na mwaminifu. Nikaiona ile barazani kila siku. Wallahi sikumfikiria Babu."

Basi hadithi iliyodhaniwa ni shutuma kwa mzee ilikuwa toba ya mtunzi wake. Tangu hapo tumeamini kwamba swali wanalouliza wasomaji, eti mtunzi amemsema nani, mara nyingi lina jibu la karibu kuliko wanavyodhani. Anaanza na kidonda chake, kisha anatafuta mwili mwingine wa kukibeba. Kupanga hadithi, kwa sehemu kubwa, ni kuuchagua mwili huo, kumpa haja yake, kumwekea kizuizi, na kuhakikisha kwamba kila alichovaa ni chake.

Sasa tulikuwa na siri, na kikao kilikuwa kinakaribia. Tungeisema, binti angeokoka na tuhuma ya kusengenya, lakini angebaki na jina la mwizi wa sukari mpaka siku ya kuolewa kwake. Tulikumbuka fadhila ya kumsitiri Muislamu, tukaifunga midomo. Ila tulimwambia jambo moja: mzee hakuwa na kosa, na lazima aendewe.

Tulikwenda watatu, baada ya Alasiri. Mzee alikuwa uani akipukuchua mahindi. Binti alipiga magoti, akamwamkia shikamoo, akaomba radhi kwa sauti isiyosikika vizuri. Mzee aliitikia marahaba, akaendelea kupukuchua gunzi lile hadi likaisha. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, siku ile sikuisikia hadithi. Niliisikia baiskeli tu. Hebu nisomee upya."

Akasoma. Alipofika mahali pa bomba lisilotoa maji, mzee aliweka gunzi chini. Alikaa kimya kwa muda, akasema kwamba kuna kosa. Mtu anayesoma hesabu ya uongo, alisema, hasomi polepole kama ulivyoandika. Husoma haraka, na hutangulia kusifu waliochangia. Akaongeza kwamba katika miaka yake yote ya kulala na fedha za watu chini ya kitanda, usiku wa kiangazi hawakosi kupita shetani na kumuuliza mlango uko wapi. Hatukumuuliza zaidi. Aliomba mambo mawili: baiskeli iondolewe, na kuanzia sasa hesabu ya Ijumaa isomwe na watu wawili, si kwa sababu ya hadithi, alisema, bali kwa sababu hadithi imesema kweli.

Tulipeleka maombi hayo kikaoni, bila daftari. Mzee mwenyewe alihudhuria, akatamka kwamba amesamehe. Barua haikuandikwa, na usomaji wa hesabu kwa watu wawili ulipitishwa. Hata hivyo tusidanganye kwamba wote waliridhika. Mjumbe mmoja alisema msamaha wa mzee ni wake, lakini mlango uliofunguliwa ni wa wote, na leo wajukuu zake wawili hawahudhurii tena darasa letu la Jumamosi. Hoja yake hatuidharau. Kalamu ya kijana ni kama panga jipya: haitoshi kulisifu makali yake, ni lazima aonyeshwe pa kulielekeza.

Kwa wazazi wenye mtoto anayejifungia na daftari, tuna ushauri mchache. Msimwulize kwanza hadithi inamhusu nani. Mwulizeni ilianza na swali gani. Mwulizeni mhusika wake anataka nini na nini kinamzuia. Kama hana mpango, msimlaumu. Wapo watunzi wanaochora ramani ya nyumba nzima kabla ya kuchimba msingi, na wapo wanaopanda mbegu kisha wakangoja waone inachipua upande gani, halafu wakapalilia. Wote huishia kupalilia. Kisha someni naye mara ya mwisho mkitafuta baiskeli: jina, kilema, nyumba, au neno la mdomoni ambalo jirani atalitambua kuwa ni lake bila ridhaa yake. Hilo aliondoe, na mahali pake abuni jingine.

Binti aliiandika upya hadithi yake baada ya Idi. Mzee wa hadithini sasa anatembea kwa miguu, na anasoma hesabu haraka haraka.

Ametupa idhini, yeye na mama yake na mzee, tuyaandike haya. Nasi tumefuata ushauri wetu wenyewe. Aliyeketi madrasa kwetu asijisumbue kuwatafuta, kwani kilichochukuliwa hakikuwa fedha za sukari, na kilichotambulika hakikuwa baiskeli. Yaliyobaki yalitokea. Mwenyezi Mungu atusitiri, na azifanye kalamu za watoto wetu ziwe za kheri.